Kabla ya Mvua ya Nthwa: Kuchagua Matairi ya Mark X na Magari Mengine Yanayosukumwa na Magurudumu ya Nyuma

Kuanzia Juni hadi Septemba mvua huwa adimu katika sehemu kubwa ya Makueni na Kitui. Katika miezi hiyo barabara za lami hukusanya vumbi, matone ya dizeli na oili yanayodondoka kwenye malori, pamoja na unga mweusi unaobanduka kwenye matairi. Mvua ya kwanza ya nthwa inapofika, mara nyingi kati ya mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Novemba, haiuoshi uchafu huo papo hapo. Kwanza huuchanganya, na kwa muda lami huwa kama sakafu iliyomwagiwa maji ya sabuni. Dereva aliyepita kona za Salama jana kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa bila wasiwasi anazipita leo kwa kasi ile ile, na gari halimtii.

Kila gari linaweza kuteleza katika hali hiyo. Hata hivyo, kuna kundi la magari ambalo huteleza kwa namna inayowashtua hata madereva wazoefu, nalo ni la magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Katika barabara za kaunti hizi mbili, gari la kundi hilo linalopendwa zaidi na vijana ni Toyota Mark X. Lilitengenezwa Japani kuanzia 2004 hadi 2019, na mengi yaliyofika Kenya yana injini ya lita 2.5 yenye silinda sita. Kwa umbo ni gari la familia, lakini kwa jinsi linavyoondoka linakaribia gari la michezo. Ndiyo sababu wanalinunua.

Toyota Crown, Mark II za zamani, Altezza na magari mengi ya BMW na Mercedes-Benz yako katika kundi hilo hilo. Matatu nyingi aina ya Hiace na pikapu zisizotumia magurudumu manne zimo pia, na habari zake zinakuja hapo chini. Probox na Fielder nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele, nazo Subaru nyingi hutumia yote manne. Zipo Mark X chache zinazotumia yote manne. Asiyejua lake ni lipi amwombe fundi aliinue: likiwa na shafti ndefu inayotoka kwenye gia hadi kwenye difu ya nyuma, na magurudumu ya mbele hayana shafti za kuyazungusha, basi ni la kusukumwa.

Makala haya yanaeleza matairi yanayofaa magari hayo wakati wa mvua, na mahali pa kuyafunga wakati pesa zilizopo zinatosha mawili tu.

Kazi ya tairi la nyuma

Katika gari la kusukumwa, matairi ya mbele hukata kona na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ya nyuma hulisukuma gari. Yana kazi nyingine pia, ambayo madereva wengi hawaifikirii: huunyoosha mkia wa gari ili ufuate kichwa.

Tairi lina kiasi fulani tu cha mshiko, na kiasi hicho hupungua lami inapolowa. Dereva anayekanyaga mafuta akiwa katikati ya kona huliomba tairi la nyuma lisukume na wakati huo huo lishike upande. Mshiko ukiisha, mkia huchomoka kuelekea nje ya kona na gari hugeuka kana kwamba linataka kurudi lilikotoka. Gari linalovutwa kwa mbele likizidiwa katika kona hiyo, kwa kawaida hukataa kukata na kuendelea mbele. Dereva akiondoa mguu polepole, mara nyingi hutii tena. Lakini mkia ukishachomoka, kuondoa mguu ghafla au kukanyaga breki kwa hofu huongeza kuzunguka, kwa sababu uzito hukimbilia mbele na nyuma hubaki nyepesi zaidi.

Mark X nyingi zina mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisizunguke, ule wenye taa ya alama ya gari linaloacha mistari ya kupinda nyuma yake. Mfumo huo hushika breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini. Umeokoa watu wengi ambao hata hawajui kwamba waliokolewa. Una swichi ya kuuzima, na wapo wanaouzima makusudi ili mkia ucheze. Uwanjani, bila watu, huenda ni burudani. Kwenye barabara ya Mombasa, usiku, mvua ikinyesha na lori likija upande wa pili, hakuna sababu yoyote ya kuizima swichi hiyo. Ikumbukwe pia kwamba mfumo wenyewe hauna mshiko wake. Unatumia mshiko wa matairi, na yakiwa kipara hauna cha kutumia.

Mtungi mmoja kila sekunde moja na nusu

Tairi la Mark X la saizi ya kawaida lina upana wa milimita 215. Chukulia kwamba mvua imesimamisha maji ya kina cha milimita 3 juu ya lami, kama inavyotokea mahali ambapo mifereji ya kando ya barabara imeziba kwa mchanga. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila tairi la mbele linakutana na takriban lita 14 za maji kwa sekunde moja. Hiyo ni kama mtungi wa lita 20, ule ambao punda hubeba kutoka mtoni, unaomwagwa mbele ya tairi kila sekunde moja na nusu. Maji hayo lazima yaende mahali, la sivyo tairi litapanda juu yake na gari litaelea.

Hiyo ndiyo kazi ya kashata, yaani mifereji iliyochorwa kwenye mpira. Kwenye lami kavu tairi kipara linaweza hata kushika vizuri, na ndiyo maana magari ya mashindano hutumia matairi yasiyo na mifereji siku za jua. Dereva wa Kibwezi anaweza kuendesha miezi minne ya kiangazi na matairi yaliyokwisha na asihisi kitu. Kosa lake litamdai siku ya kwanza ya mvua.

Matairi mapya ya magari madogo huwa na mifereji ya kina cha karibu milimita 8. Nchi za Ulaya haziruhusu gari kuwa barabarani likiwa na kina cha chini ya milimita 1.6, na watengenezaji huweka vijinundu ndani ya mifereji kwa kipimo hicho. Mpira ukichakaa hadi kulingana na vijinundu hivyo, tairi limekwisha. Vijinundu hutafutwa kwa kufuata herufi TWI au alama ndogo ya pembetatu kwenye ukingo wa tairi. Lakini kwa mvua, kusubiri hadi hapo ni kuchelewa. Wataalamu wengi wa matairi hushauri tairi libadilishwe likifika milimita 3, kwa kuwa kuanzia hapo uwezo wake wa kusukuma maji huporomoka haraka. Si lazima kuwa na kifaa maalumu cha kupimia. Njiti ya kiberiti ikisimamishwa ndani ya mfereji na kuwekwa alama kwa kucha, kisha ikapimwa kwa rula ya mwanafunzi, itasema ukweli. Pima pembeni na katikati, kwa sababu gari ambalo magurudumu yake hayajanyooshwa vizuri hula tairi upande wa ndani, na ukisimama nje hulioni.

Kuna jambo la kuepuka kabisa, nalo ni tairi la gari dogo lililochongwa upya kwa kisu chenye moto ili lionekane lina kashata. Baadhi ya matairi ya malori hutengenezwa yakiwa na mpira wa ziada kwa ajili hiyo, nayo huandikwa REGROOVABLE ubavuni. La gari dogo halina mpira huo. Chini ya mfereji wake kuna mpira mwembamba tu, kisha nyaya.

Kusoma ubavu wa tairi

Tangu kiwanda cha matairi ya Yana cha Nairobi kilipoacha kutengeneza matairi mwaka 2016, Kenya imekuwa ikitegemea matairi yanayotoka nje. Yako ya kila bei na kila asili, na mteja anayeingia dukani Wote au Kitui mjini huonyeshwa majina ambayo hajawahi kuyasikia. Jina pekee halitoshi kumwongoza. Ubavu wa tairi unaeleza mengi zaidi, ukijua pa kutazama.

Chukua mfano wa maandishi 215/60R16 95H. Namba 215 ni upana kwa milimita. Namba 60 ina maana kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 95 ni uzito ambao tairi linaweza kubeba, yaani kilo 690, na H ni kikomo cha kasi yake, kilomita 210 kwa saa. Saizi inayofaa gari lako imeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mauzo ya rimu kubwa na matairi mapana yamewavutia vijana wengi, na hapa ni vyema kusema wazi: tairi pana linapendeza, lakini lina maji mengi zaidi ya kusukuma, na huelea mapema kuliko jembamba lenye kashata sawa na upepo sawa. Kwa mvua, saizi ya kwenye kibandiko inatosha kabisa. Pesa za rimu zingenunua mpira bora.

Baada ya saizi, tafuta umri. Ubavuni kuna herufi DOT zikifuatwa na mfululizo wa herufi na namba, na mwisho wake huwa tarakimu nne. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umetundikwa dukani, na jua la Mtito Andei au Mutomo huuharakisha. Hukauka, hukakamaa na kupata nyufa ndogo, na mpira mkavu haushiki lami iliyolowa hata kama mifereji ni mirefu. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano na liondolewe likifika kumi, hata likionekana zima. Tairi ambalo lina miaka minne siku ya kununuliwa limekwisha kutumia sehemu kubwa ya maisha yake, na bei yake inapaswa kulionyesha hilo.

Kisha kuna suala la mshiko wenyewe. Matairi mengi yanayouzwa pia Ulaya huwa na kibandiko chenye madaraja, na mojawapo ni la mshiko kwenye maji, lenye picha ya wingu la mvua na tairi. Daraja hilo huanzia A, iliyo bora, hadi E. Kati ya daraja moja na linalofuata, gari linaloshika breki kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa linaweza kuhitaji mita kadhaa zaidi kusimama, na mita hizo huweza kuwa urefu wa punda na mkokoteni wake. Matairi yaliyokusudiwa pia soko la Marekani huandikwa TRACTION ubavuni, na AA ndiyo ya juu, ikifuatwa na A, B na C. Kipimo hicho pia ni cha breki kwenye lami iliyolowa. Kwa gari lenye nguvu kama Mark X, C haifai.

Karibu na neno TRACTION kuna TREADWEAR na namba kama 300 au 600. Namba kubwa humaanisha tairi litadumu zaidi. Wauzaji huipenda namba hiyo, na mnunuzi anayehesabu shilingi huipenda pia, lakini mara nyingi mpira unaodumu sana ni mgumu zaidi na hutoa mshiko kidogo wakati wa mvua. Watengenezaji wamepunguza tatizo hilo tangu miaka ya 1990 kwa kuchanganya silika kwenye mpira, na hiyo ni sababu mojawapo ya tairi la bei ya kati la leo kushika vizuri kuliko la bei kubwa la zamani. Ukilazimika kuchagua kati ya tairi la 600 lenye TRACTION ya B na la 400 lenye A, la pili ndilo la kufunga kwenye Mark X.

Mchoro wa kashata pia una maana. Tairi lenye mchoro wa mshale huandikwa ROTATION na hufungwa kwa mwelekeo mmoja tu. Likigeuzwa, mifereji huyarudisha maji katikati badala ya kuyatoa nje. Lenye neno OUTSIDE lazima upande huo utazame nje. Makosa hayo hutokea sana fundi akiwa na haraka, na kuyaona kunahitaji dakika moja tu ya kulizunguka gari kabla ya kulipa.

Matairi ya theluji Makueni

Magari mengi yaliyotumika huja kutoka Japani yakiwa na matairi yake, na yale yaliyotoka kaskazini mwa nchi hiyo huweza kufika yakiwa na matairi ya majira ya baridi. Hutambulika kwa neno STUDLESS au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, na kwa mikato midogo midogo mingi kwenye kashata. Mengine huishia kwenye vibanda vya matairi ya mitumba kando ya barabara, ambako huuzwa haraka kwa sababu kashata zake ni ndefu na yanaonekana mapya.

Ni matairi mazuri sana kwenye barafu. Mpira wake ni laini ili usikakamae kwenye baridi kali. Kwenye lami yenye joto huwa laini kupita kiasi, vipande vya kashata hupinda chini ya uzito, gari huyumba na umbali wa kusimama kwenye mvua huongezeka. Huisha haraka pia. Mtu aliyenunua Mark X na kuikuta na matairi ya namna hii asifurahie kashata ndefu.

Kwa yeyote anayelazimika kununua tairi la mtumba, mambo matatu hayana mjadala: tarakimu za DOT zionekane, lisiwe la theluji, na fundi alitazame upande wa ndani kabla ya kulifunga. Kiraka ubavuni, uvimbe au nyaya zinazoonekana ni sababu ya kuliacha hapo hapo.

Jozi mpya ifungwe wapi

Hapa ndipo wengi hukosea, na wengi hukosea kwa ushauri wa dhati wa fundi wao. Mwenye gari ana pesa za matairi mawili. Matairi yake manne yamechakaa, mawili zaidi ya mengine. Fundi anamwambia mapya yaende mbele, kwa sababu mbele ndiko kwenye usukani na breki, na tairi la mbele likipasuka ni hatari zaidi. Hoja hiyo ina mantiki, na huko nyuma, magari yalipokuwa mazito ya usukani na matairi yakipasuka ovyo, huenda ilikuwa na uzito zaidi.

Kwenye mvua jibu ni kinyume. Jozi mpya iende nyuma. Matairi ya mbele yakianza kuelea, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi. Ana nafasi ya kuondoa mguu kwenye mafuta, na gari likipungua kasi hurudi kwenye lami. Ya nyuma yakielea wakati ya mbele yanashika, hakuna onyo lolote mikononi. Mkia unaondoka tu. Watengenezaji wakubwa wa matairi hutoa ushauri huu kwa magari yote, yawe ya kuvutwa au ya kusukumwa. Kwa la kusukumwa una uzito mara mbili, kwani matairi yale yale ya nyuma ndiyo yanayopokea nguvu za injini, na ndiyo yanayochakaa haraka.

Hii haina maana kwamba ya mbele yaachwe kipara. Kama matairi yote manne yako chini ya milimita 3, mawili mapya hayatoshi, na gari hilo linafaa kupumzishwa mvua ikinyesha hadi mengine mawili yapatikane. Matairi mawili ya ekseli moja lazima yawe ya aina moja, saizi moja na kiwango kimoja cha kuchakaa, kwani moja likishika na jingine likiteleza, difu itapeleka nguvu kwa linaloteleza. Yote manne ya aina moja ndiyo hali bora. Wanaogharimia muziki na taa za rangi kabla ya kufika hapo wameanzia upande usiofaa.

Upepo

Upepo ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika zaidi. Watafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, waliochunguza matairi ya ndege kwenye njia zilizolowa miaka ya 1960, waligundua kwamba kasi ambayo tairi huanza kuelea inategemea zaidi upepo uliomo ndani yake. Kwa kanuni yao, tairi lenye upepo wa 32 PSI huelea kwenye maji mengi kwa kasi ya karibu kilomita 94 kwa saa. Likishuka hadi 20, huelea kwa karibu kilomita 75. Tairi la gari lenye kashata nzuri huweza kuvumilia zaidi ya hapo, na la kipara lisivumilie hata kidogo, lakini mwelekeo ni huo huo: upepo ukipungua, mpira hukosa nguvu ya kuyasukuma maji.

Kasi za juu kabisa zinazoruhusiwa Kenya ni kilomita 110 kwa saa kwa magari ya kibinafsi na 80 kwa magari ya abiria. Hivyo ni vikomo vya hali nzuri ya barabara. Mark X inayokwenda 110 kwenye mvua kubwa inaweza kuelea hata pale ambapo kikomo kinaruhusu kasi hiyo. Ina pia karibu mara mbili ya nguvu ya mwendo ambayo ingekuwa nayo kwa kasi ya 80, na nguvu yote hiyo lazima imalizwe na vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kidogo tu kuliko kiganja cha mkono.

Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, na kiwango kifuatwe kama kilivyo kwenye kibandiko cha mlango. Wapo wanaopunguza upepo mvua ikinyesha wakidhani tairi litashika zaidi. Ujanja huo una faida kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kwenye lami yenye maji una hatari.

Pikapu za maembe na matatu

Msimu wa maembe Makueni hukutana na mvua ya nthwa. Pikapu inayoshuka kutoka vilima vya Mbooni ikiwa imejaa hushika barabara kwa sababu uzito uko juu ya ekseli ya nyuma. Jioni inarudi tupu. Nyuma sasa ni nyepesi kama sanduku, injini ni ile ile, kona ni zile zile, na mvua imeanza. Dereva aliyezoea gari la asubuhi anaendesha gari jingine kabisa bila kujua.

Pikapu nyingi pia hufungwa matairi ya kashata kubwa, yale yenye herufi M/T, kwa ajili ya barabara za udongo. Kwenye tope hayana mshindani. Kwenye lami iliyolowa hushika vibaya, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni kidogo na vipande vyake huyumba. Anayetumia lami zaidi ya tope afadhali achukue A/T au ya barabara ya kawaida. Kwa matatu aina ya Hiace mambo hugeuka: ikiwa na abiria wote nyuma huwa nzito, na matairi lazima yawe na namba ya uzito inayoikidhi gari hilo, si yaliyotolewa kwenye gari dogo. Abiria wana haki ya kutazama matairi kabla ya kupanda. Haichukui muda kuliko kuulizia nauli.

Mahali ambapo tairi halisaidii

Mkia ukianza kuchomoka, geuza usukani kuelekea upande ambao mkia unakwenda, legeza mafuta taratibu na tazama unakotaka kwenda, si mtaro. Gari likianza kuelea kwa mbele, shika usukani ukiwa umenyooka na uache kasi ishuke yenyewe. Haya ni mambo ya sekunde moja au mbili, na dereva asiyeyawaza kabla hana nafasi ya kuyawaza wakati huo. Ajali ikitokea, namba za dharura ni 999 na 112.

Kuna maji ambayo hakuna tairi litakalokupitisha. Barabara nyingi za Kitui na Makueni huvuka mito ya msimu kwa drifti, na mto unaoonekana mkavu saa nane unaweza kuwa umejaa saa tisa kwa mvua iliyonyesha mbali na hapo. Desemba 2021, karibu na Mwingi, basi lililokuwa likiwapeleka wanakwaya na waumini kwenye harusi lilisombwa na mto Enziu likijaribu kuvuka, na watu zaidi ya 30 walifariki. Lilikuwa basi, zito mara nyingi kuliko gari dogo. Tumbo la Mark X liko karibu sentimita 15 tu kutoka ardhini, na maji yanayotiririka yakiwa na kina cha sentimita 30 hivi yanatosha kuliinua gari dogo na kulisukuma kutoka barabarani. Maji yakiwa yanapita juu ya drifti na huoni zege chini yake, zima gari upande wa juu, mbali na ukingo, na usubiri yapungue. Mito ya msimu hujaa haraka, na mingi hupungua ndani ya saa chache.